Lebo Imebana Matumizi, Miksi Yangu Ikaharibika

BARUA

Kwako Mshauri,

Mimi ni prodyuza wa muziki, na studio yangu iko mtaani Umoja, Nairobi. Kwa miaka kadhaa riziki yangu imetokana na kwaya za kanisani, matangazo ya redio na vijana wanaokuja na mashairi yao wakitafuta mdundo. Mwaka jana lebo moja ya hapa mjini ilinipa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: kutayarisha albamu ya nyimbo kumi ya bendi inayopiga nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo), gitaa la besi, ngoma na kayamba, huku waimbaji wakipokezana Dholuo na Kiswahili. Tulitia saini mkataba wa kurasa mbili. Unasema nitalipwa kiasi fulani kwa kila wimbo na kwamba rekodi zitakuwa mali ya lebo. Hausemi lolote kuhusu nani atafanya masta, yaani hatua ya mwisho ya kuusawazisha wimbo na kuupa ukubwa wa sauti, wala nani ataisikiliza kazi kabla haijatoka, ingawa kwa mdomo tulikubaliana kwamba nyimbo zote zingepelekwa kwa fundi mwenye uzoefu wa kumasta.

Katikati ya kazi meneja aliniita akaniarifu kwamba bajeti imepunguzwa. Zilianza kukatwa saa za kurekodi waitikiaji, ikabidi sauti zao zimalizwe harakaharaka, nami nikabaki nikizinyoosha moja moja usiku bila malipo ya ziada. Kisha fundi wa masta naye akaondolewa. Niliwasilisha nyimbo nne za kwanza katika faili za WAV za biti 24, ambazo hazijapunguzwa chochote, nikaacha nafasi ya kutosha juu ya mawimbi ili fundi apate pa kuupandishia wimbo, nikaambatanisha maelezo ya kila wimbo, nikingoja nijulishwe ni nani atakayezimaliza.

Wimbo wa kwanza ulipotoka niliusikia ndani ya matatu nikielekea mjini, na mwanzoni nilifurahi kwa sababu ulikuwa na nguvu. Nilipousikiliza nyumbani kwa hedifoni, furaha ikaniisha. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, imepoteza ule mgoto wake wa mwanzo. Kila mara mpiga nyatiti anapogonga kwa pete ya kidole cha mguu, sauti ya mwimbaji inazama kidogo kisha inaibuka. Kayamba imegeuka kuwa mvumo usioeleweka, herufi "s" zinachoma sikio, na mwangwi wa mwisho wa wimbo umekatwa kabla haujafifia. Nilipouliza, nikaelezwa kwamba kijana mmoja wa ofisini aliupitisha wimbo kwenye programu ya mtandaoni inayomasta yenyewe, na kwamba hakuifungua folda yangu kwa sababu faili zilikuwa nzito. Alichukua MP3 niliyomtumia mwimbaji kwa WhatsApp ili ahakiki maneno yake. Nyimbo tatu zilizofuata zilitoka vivyo hivyo.

Meneja si mtu mbaya, na hakunikemea. Alinijibu kwamba msikilizaji wa kawaida hasikii tofauti, kwamba wimbo lazima upige kwa nguvu kama nyingine zinazotamba, na kwamba pesa zilizookolewa zimeingia kwenye video. Lakini jina lililoandikwa kuwa la prodyuza ni langu, na tayari mteja mmoja ameniuliza kama vifaa vyangu vimeharibika. Nimebakiza nyimbo sita. Je, nizishikilie mpaka wakubali kurekebisha zile nne? Nidai jina langu liondolewe? Au nizibane miksi zangu mwenyewe, yaani nyimbo nilizokwisha kuchanganya sauti zake, ziwe na sauti kubwa tangu mwanzo ili wasiwe na cha kuharibu? Sheria ya Kenya inanilinda kwa namna yoyote? Naogopa pia kuonekana mkorofi, maana wanamuziki na mameneja wa Nairobi wanajuana.

Prodyuza, Umoja


JIBU

Kwako Prodyuza,

Nimeisoma barua yako kwa uchungu, kwa sababu lebo imebana matumizi mahali ambapo shilingi chache zinazookolewa husikika katika kila wimbo, kila unapochezwa, kwa miaka yote ambayo rekodi itakuwa hai. Majibu ya maswali yako matatu ya kwanza ni mafupi. Usizishikilie faili, usidai jina liondolewe kwa sasa, na kwa vyovyote vile usizibane miksi zako mwenyewe. Swali la sheria linahitaji maelezo zaidi, na nitalifikia. Kabla ya hapo nataka tuelewane kuhusu kilichotendeka ndani ya faili zenyewe, kwa maana ukienda kwa meneja na malalamiko kwamba wimbo hausikiki vizuri, yeye ataona kwamba mnabishana juu ya ladha, na katika ubishi wa ladha mwenye pesa ndiye hushinda.

Anza kwa kuiomba ofisi ikupe faili ileile iliyopelekwa kwa msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayofikisha nyimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza. Usitegemee sauti ya simu wala ya matatu. Ukiipata, ifungue pamoja na miksi yako katika programu unayofanyia kazi kila siku, kisha uishushe ile ya lebo mpaka zote mbili zisikike kwa ukubwa uleule. Hatua hii usiiruke, kwa kuwa sikio la binadamu hudhani chenye sauti kubwa ndicho bora, hata mafundi wakongwe hudanganyika hivyo. Baada ya kuzilinganisha, sikiliza kiki, pete ya nyatiti, kayamba na "s" za mwimbaji, kimoja kimoja. Uwe mwaminifu: kama "s" zinachoma hata kwenye miksi yako mwenyewe, hilo ni lako, lirekebishe kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Kile kilichoko kwenye faili ya lebo na hakimo kwenye yako ndicho utakachokipeleka mezani.

Kisha itazame faili hiyo katika kionyeshi cha wigo wa masafa, programu inayochora sauti zote kuanzia nzito za chini mpaka nyembamba za juu. Rekodi yako ya WAV, ikiwa ilirekodiwa kwa maikrofoni nzuri, itaonyesha kayamba ikipanda mpaka karibu hezi 20,000. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo ndiyo wengi hutuma kwa simu, kwa kawaida hukatwa kwenye hezi 16,000 hivi, na mkato huo huonekana kama mstari ulionyooka juu ya picha nzima. Hata kijana wa ofisini akiigeuza MP3 hiyo kuwa WAV kwa sababu msambazaji alitaka WAV, kinachorudi ni uzito wa faili tu. Dakika moja ya wimbo wenye pande mbili (stereo), wa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti 17. Dakika hiyohiyo katika MP3 ya kilobiti 128 huchukua megabaiti moja. Megabaiti 16 zilizotupwa hapo hazirudishwi na programu yoyote. Piga picha ya wigo wa faili zote mbili ziwe kando kwa kando. Meneja asiyejua lolote kuhusu sauti ataelewa picha hiyo mara moja.

Nitakaa kidogo kwenye jambo hili la MP3, kwa sababu naamini ndilo lililokuumiza kuliko programu yenyewe. MP3 hupunguza uzito kwa kutupa kile inachokadiria kwamba sikio halitakisikia kwa kuwa kimefunikwa na sauti nyingine yenye nguvu zaidi. Mabaki yake huachwa chini, yamejificha nyuma ya sauti kubwa. Ukiisikiliza MP3 hiyo jinsi ilivyo, huenda usitambue kasoro yoyote, na ndiyo maana mwimbaji wako hakulalamika alipokuwa akihakiki maneno. Lakini kumasta kwa nguvu huinua sauti zilizo chini na kushusha zilizo juu, kwa hiyo yale mabaki yaliyofichwa huinuliwa yakaonekana wazi. Halafu Spotify, Apple Music na YouTube nazo kwa kawaida huibana faili upya kwa mfumo wao kabla ya kumfikishia msikilizaji, yaani wimbo wako ulitupiwa sehemu zake mara mbili, na katikati ukapitishwa kwenye limita, kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango fulani. Kayamba ndiyo ya kwanza kuumia, kwa kuwa mchakacho wake umetawanyika katika masafa yote ya juu na hauna umbo ambalo programu inaweza kulikadiria kwa urahisi. "S" za mwimbaji hufuata. Ulichokisikia kwenye hedifoni kina maelezo kamili ya kiufundi, wala hukukosea.

Kuzama kwa sauti ya mwimbaji nako kuna sababu nyingine. Nyatiti ina nyuzi nane, lakini kama ujuavyo kuliko mimi, mpigaji wake hapigi nyuzi peke yake: hugonga ukingo wa chombo kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, na mara nyingi huvaa njuga mguuni. Mgoto ule wa pete ni mkali na mfupi. Katika mchoro wa wimbi huonekana kama mwiba uliochomoza juu ya kila kitu. Limita kazi yake ni kuzuia miiba isivuke kiwango kilichowekwa, na inapouzuia mwiba wa pete hushusha wimbo mzima kwa muda mfupi, mwimbaji akiwamo, kisha huuachia tena. Fundi aliyekaa na wimbo angeliona hilo ndani ya dakika ya kwanza. Angeishusha pete kidogo peke yake kabla ya limita, au angekupigia simu akuombe uipunguze kwenye miksi. Programu haipigi simu. Imefunzwa kwa nyimbo nyingi, na katika nyimbo hizo sidhani nyatiti ilikuwamo kwa wingi, kwa hiyo mgoto wa pete huuchukulia kuwa kilele cha kawaida cha kubanwa. Programu hizi si za jana, maana LANDR, mojawapo ya programu hizo, ilianza kutoa huduma hiyo mwaka 2014, na mimi sizidharau. Kwa rekodi ya majaribio, au kwa kijana asiye na kitu kabisa, zinafaa. Kuzitumia kwa albamu ya ala ambazo ulimwengu wa kibiashara haujazizoea, bila mtu mwenye masikio kuikagua kazi kabla haijatoka, ni kuihatarisha rekodi nzima kwa ajili ya kuokoa kidogo.

Sasa tuje kwenye hoja ya meneja kwamba wimbo lazima upige kwa nguvu. Usimjibu kwamba hajui kitu, kwa sababu nusu ya hoja yake ni ya kweli. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilichapisha kanuni iitwayo BS.1770 ya kupima ukubwa wa sauti kwa namna inayokaribia jinsi sikio linavyousikia, na kipimo chake huandikwa kwa LUFS. Namba zake ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo wimbo ulivyo na kishindo zaidi. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo zote kwenye LUFS -14, Apple Music kwenye -16 mpangilio wake wa kusawazisha unapowashwa, na YouTube hushusha nyimbo zinazozidi kiwango chake. Tuseme faili ya lebo imepimwa ikawa -7. Spotify itaishusha kwa desibeli 7, na msikilizaji ataupata wimbo wako kwa ukubwa uleule wa wimbo wa jirani uliomastiwa kwa utulivu kwenye -14, isipokuwa wa jirani bado una kiki inayogota na wako hauna tena. Kishindo kilichonunuliwa kwa kuua ngoma kimerudishwa dukani, na ngoma haikurudi. Mwonyeshe meneja hesabu hii kwa upole, ukiwa na kipimo mkononi. Vipimo vya LUFS vya bure vinapatikana, na vingi vimo tayari ndani ya programu za kurekodia.

Nusu ya kweli ni hii: katika matatu, DJ huchukua MP3 kwenye flashi na kuzifuatanisha bila kusawazishwa na mtu, na pale wimbo ulio chini sana huonekana dhaifu. Kwa soko la Nairobi, ambako nganya, zile matatu za kifahari, hujenga au hubomoa jina la wimbo, lebo ina haki ya kulijali hilo. Jibu lake ni kumpa fundi wa masta maagizo ya wazi, na ikibidi kutoa nakala mbili, moja ya mitandao na nyingine ya madijei, zote kutoka kwenye miksi yako ya WAV. Fundi mzuri anaweza kuupandisha wimbo sana kabla kiki haijaanza kufa, kwa sababu huupandisha kwa hatua nyingi ndogo na husikiliza katika kila hatua.

Ndiyo maana nakukataza usizibane miksi zako mwenyewe. Ukifanya hivyo, hata fundi bora kuliko wote hapa Kenya hatakuwa na la kufanya. Mwaka 2008 bendi ya Metallica ya Marekani ilitoa albamu ambayo mashabiki waliilalamikia kwa kubanwa mno, na fundi aliyeimasta, Ted Jensen, alieleza kwamba miksi zilimfikia zikiwa zimeshabanwa. Mashabiki walikuja kugundua kwamba nyimbo hizohizo zilisikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa kompyuta, kwa kuwa huko ziliingizwa kabla ya kubanwa. Wale walikuwa na pesa zote za dunia. Wewe ulichonacho cha kujitetea ni ile nafasi uliyoiacha juu ya mawimbi, na ukiifuta utakuwa umewafutia lebo makosa yao na kuyaandika kwa jina lako.

Nakueleza pia kwamba hili halikuanza na lebo yako, ili usidhani umeonewa peke yako. Kampuni za muziki zimekuwa zikibana matumizi kwenye hatua ya mwisho tangu enzi za sahani za santuri. RCA ya Marekani ilianza kutoa sahani nyembamba zilizoitwa Dynaflex mwishoni mwa mwaka 1969, na bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, plastiki ya sahani ikaadimika, kampuni nyingi zilitumia plastiki iliyosagwa upya ambayo ilileta mikwaruzo hata kwenye sahani mpya. CD zilipoingia katika miaka ya 1980, lebo nyingi hazikutafuta kanda za asili. Zilichukua nakala zilizokuwa zimetayarishwa kwa ajili ya kuchonga santuri, zikaziingiza kwenye CD jinsi zilivyo, na baadaye zikalipia kuzimasta upya. Hapa kwetu, walionunua kaseti katika barabara ya River Road, Nairobi, wanakumbuka nakala zilizodurufiwa kwa kasi mpaka sauti za juu zikapotea. Kila mara mahesabu yaliyofanywa ofisini yalionekana ya busara kwa mwaka ule ule tu.

Kwa hiyo zungumza na meneja kwa lugha ya mahesabu. Yeye amekatiwa bajeti na mtu aliye juu yake, na huenda naye hakupendezwa. Usiende kudai pesa ambazo hana. Mpelekee njia ya kuzipata ndani ya bajeti ileile: video moja ipungue mandhari, au nyimbo kumi ziwe nane, au nyimbo mbili zisizo na haraka zisubiri robo ijayo. Mwambie pia kwamba utampunguzia fundi saa za kazi kwa kumpelekea faili safi, zilizopewa majina yanayoeleweka, zisizo na kelele za mwanzo na mwisho, pamoja na wimbo mmoja wa mfano unaoonyesha mnakotaka kufika. Kumasta wimbo mmoja uliotayarishwa vizuri si kazi ya siku nyingi. Ile ya kunyoosha waitikiaji usiku, ambayo ulilazimika kuifanya bure, ndiyo iliyokuwa ghali, na hilo pia linafaa kusemwa: saa zilizokatwa studio zilihamia kwako bila malipo, na kwa nyimbo sita zilizobaki uziandike na kuzitoza.

Kuhusu zile nne zilizokwisha kutoka, omba zibadilishwe. Wasambazaji wengi wa kidijitali huruhusu faili ya sauti kubadilishwa kwa utaratibu wao, kwa hiyo kwenye majukwaa ya kusikiliza hasara inaweza kurekebishwa. YouTube ni tofauti: video iliyopakiwa haibadilishwi sauti yake kwa kuwekewa faili mpya, ni lazima ipakiwe upya, na idadi ya watazamaji ianze sifuri. Usiidai lebo ifute video yenye watazamaji wengi, maana hapo utakuwa unawaomba wajidhuru na wataacha kukusikiliza hata katika yale mengine. Anza na majukwaa ya kusikiliza. Bendi nayo ijulishwe mapema, kwa sababu majina yao yako mbele kuliko lako na wao ndio watakaopiga nyimbo hizo jukwaani, lakini waeleze ukiwaonyesha vipimo, usiwageuze kuwa kundi la kumpinga meneja.

Sheria sasa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatofautisha umiliki na heshima ya mtunzi. Umiliki wa rekodi umeutoa kwa mkataba, na hata usingeutoa, sheria hiyo humtambua kuwa mtunzi wa rekodi ya sauti yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza, ambaye lebo itasema ni yenyewe. Kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe au kubadilishwa kwa namna inayodhuru heshima au sifa yake. Haki hiyo itakusaidia zaidi ikiwa uliutunga au uliupanga muziki wenyewe, kwa sababu hapo wewe ni mtunzi wa kazi ya muziki, ambayo ni tofauti na rekodi. Ikiwa ulichofanya ni kurekodi na kuchanganya sauti peke yake, nafasi yako kisheria ni finyu zaidi, na itategemea maneno ya mkataba. Kabla ya kutamka neno mahakama, mpelekee wakili zile kurasa mbili, au uende Bodi ya Hakimiliki ya Kenya uulizie. Na ukizishikilia faili ambazo umeshalipwa, ni wewe utakayekuwa umevunja mkataba, na kosa lao la kizembe litafunikwa na kosa lako la makusudi. Kama bado hujalipwa kwa nyimbo hizo sita, mambo ni tofauti: hapo una nafasi halali ya kusema kwamba utaziwasilisha baada ya kuongezewa kipengele kimoja kwenye mkataba.

Kipengele chenyewe kiandike hivi, kwa maneno ya kawaida ambayo hayamhitaji wakili kuyafasiri: "Lebo itatumia faili za WAV zilizowasilishwa na prodyuza katika folda ya kazi ya mwisho, na si nakala nyingine yoyote. Hakuna wimbo utakaotolewa kabla prodyuza hajaisikiliza nakala iliyomastiwa na kuikubali kwa maandishi. Asipojibu ndani ya siku 5 za kazi tangu kuipokea, atahesabiwa kuwa ameikubali." Ile sentensi ya mwisho ni ya muhimu sana, kwa sababu hofu kubwa ya meneja ni prodyuza atakayeukalia wimbo miezi mitatu akitafuta ukamilifu, nawe utakuwa umemwondolea hofu hiyo kabla hajaitaja. Ongeza pia idadi ya marekebisho utakayoyafanya ndani ya bei mliyokubaliana, na bei ya kila rekebisho linalozidi hapo.

Upande wako, badilisha jambo moja leo hii. MP3 yoyote unayomtumia mwimbaji iwe na jina linaloanza na maneno KUSIKILIZA TU, na iwe na mlio mfupi au neno lililotamkwa katikati ya wimbo, ili hata mtu mwenye haraka asiweze kuitoa hewani. Prodyuza wengi wa Nairobi huweka alama ya aina hiyo kwenye midundo wanayouza, lakini huisahau kwenye nakala za kuhakiki, na nakala hizo ndizo zinazosambaa kwenye simu za watu.

Hofu yako ya kuonekana mkorofi naielewa. Barua ya ukurasa mmoja yenye picha mbili za wigo, namba za LUFS na pendekezo lisiloongeza bajeti si ukorofi, na meneja anaweza kuipeleka kwa aliye juu yake kama ilivyo. Ukorofi ungekuwa kuandika kwenye mitandao kwamba lebo imekuharibia kazi. Usifanye hivyo hata ukichokozwa.

Ikiwa watakataa yote, maliza nyimbo sita kwa kiwango chako cha kawaida, uziwasilishe kwa maandishi yenye tarehe, na utunze nakala zako zote pamoja na faili za kila chombo peke yake, maana bendi ikipendwa lebo itazihitaji. Hapo ndipo swali la jina linaporudi. Usiombe lifutwe, kwa kuwa utajinyima sifa ya miksi ambazo ulizifanya vizuri. Omba orodha ya walioshiriki iandikwe kwa usahihi, mstari wako ukisema "Kurekodi na miksi", na mstari wa chini yake ukisema "Masta", pakifuatiwa na jina la lebo.